Upepo Niliousingizia

Hapana, Saumu, sikukasirika. Uliponiuliza jana jikoni, kikombe umekishika kwa mikono miwili, "Baba, umeudhika kwa vile nimesema usinisindikize stesheni?" nilikuwa na jibu refu sana, lakini yule bibi wa Kiairishi wa mlango wa pili akabisha na keki yake ya kukuaga, tukaanza karibu-karibu, na jibu langu likapoa pamoja na chai. Sikuudhika, mwanangu. Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa natafuta mlango wa kuingilia kwenye jambo jingine, nisiupate. Sasa nautafuta kwa kalamu.

Ni saa kumi na nusu, na huko nje giza limekwisha shuka, kama kawaida ya Januari ya hapa. Umekwenda kukimbia mzunguko wako wa mwisho bwawani kabla ya safari ya kesho. Zuhura amelala, maana leo ana zamu ya usiku. Nyumba imenyamaza kabisa, na dirisha linatetemeka kidogo kwa upepo, kama linavyotetemeka tangu tulipohamia ghorofa hii ya tisa. Nikiegemea kioo naziona taa zote za mtaa wetu wa Ladywood, na kule mbali weusi wa maji, na ninajua wewe ni kitone fulani kinachouzunguka weusi huo. Sikuoni. Lakini najua upo, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu sitaki kushuka kukufuata.

Sitakuandikia habari za soksi wala za kula vizuri. Hayo Zuhura amekwisha kukuandikia karatasi nzima pande zote mbili, na amekwambia kwamba Aberdeen, huko unakokwenda kusomea uuguzi, ni baridi kuliko hapa na kwamba wauguzi wapya hupewa vitanda vilivyo karibu na dirisha.

Zuhura! Ona, nimeliandika jina lake na nimesahau nilichokuwa nasema. Nivumilie. Leo ni wiki ya sita tangu nimwoe na bado nikisikia ufunguo wake mlangoni asubuhi nasimama, kama askari aliyemwona ofisa wake. Nina miaka arobaini na mitatu. Nilidhani moyo ni kama tiketi ya basi, ukishasafiri nao mara moja haufai tena, ni wa kutupwa sakafuni. Mimi kondakta wa miaka kumi nimekatia watu tiketi nyingi sana, na sikujua kwamba na mimi nitapanda tena. Anavua kofia yake ya kazi, nywele zimelala upande mmoja, macho mekundu kwa usingizi, anasema, "Mbona wanitazama hivyo? Hujaona mtu aliyechoka?" Nami naona kama chumba kizima kimewashwa taa. Najua unacheka. Jana nilikusikia ukimwambia rafiki yako kwenye simu kwa Kiingereza kwamba baba yako amekuwa mtoto wa shule. Ni kweli, na nimependa kuwa hivyo.

Lakini mimi na wewe tunajua Zuhura aliingiaje nyumbani kwetu. Aliingia kwa sababu ya kukimbia kwako, na kwa sababu ya ujinga wangu.

Nianze na siku ya koti. Hatujawahi kuizungumza vizuri siku ile. Ulikuwa na miaka kumi na tano, na shule yenu ilishindana na shule nyingine kule vilimani nje ya mji. Mwezi wa pili, theluji imeyeyuka nusu, na upepo unavuma mpaka bendera zilizopandwa kuonyesha njia zimelala chini. Ulikuwa umeficha barua ya shule. Niliipata chini ya hita ya gesi, nikaomba kubadilishana zamu, nikapanda mabasi mawili. Nilikuja na koti langu la kazi, na ile kanga nyekundu ya marehemu mama yako, na chupa ya chai ya tangawizi. Watu walinitazama. Mwanamume mmoja aliniuliza kama nauza chai.

Nikakuona ukitokea kwenye miti. Ulikuwa wa tatu, Saumu! Wa tatu, kaptura nyeupe, miguu imejaa matope mpaka mapajani, na midomo imekuwa ya rangi ya majivu. Wazazi wengine walikuwa wanapiga makofi. Mimi sikuona msichana anayeshinda. Niliona ile midomo tu. Nikainua kamba, nikapita chini yake, nikakimbia mpaka katikati ya njia na koti limefunguliwa kama wavu wa kukamatia kuku. "Dad, please," ulisema. "Baba, tafadhali, bado kidogo." Nikakufunika. Nikakuzungushia kanga kichwani. Mwalimu anapiga filimbi, wasichana wanatupita kulia na kushoto, mmoja, wawili, kumi, na mimi nakufunga vifungo.

Kinachoniuma mpaka leo ni kwamba hukushindana nami. Ulisimama pale umenyoosha mikono, kama mtoto mdogo anayevishwa nguo ya Idi, ukitazama mbele wanakomalizia wenzako.

Hukukimbia tena kwa ajili ya shule. Ulinijibu kwa Kiingereza mwezi mzima. Nami nikajisifu moyoni kwamba nimekuokoa.

Kisha ikaja baridi ya mwaka uliofuata, nikaanza kuzikuta raba zako zimelowa kila asubuhi nyuma ya hita, zimegeuzwa kichwa chini kwa ujanja ili zikauke kabla sijaamka. Sikukuuliza. Nilijua jibu. Nikaamka mapema siku moja, nikasikia mlango, nikavaa koti juu ya pajama, nikashuka kwa ngazi kwa sababu lifti ingekwambia kwamba nakuja. Nikakufuata mpaka bwawani. Ulikuwa mbele sana, unapita kwenye ukungu, mara upo mara haupo. Nikaanza kukimbia. Mimi! Viatu vya ngozi, mkoba wa tiketi bado uko begani kwa mazoea, sarafu zinalia njia nzima. Upepo ulitoka majini ukaniingia mdomoni ukanijaza kama mto wa kulalia. Nikafika kwenye benchi la kwanza, nikaanguka juu yake, nikaona nyota.

Hapo nikasikia sauti ya mwanamke, Kiswahili cha Mombasa, hapa Birmingham, alfajiri, kwenye theluji. Nilidhani nimekufa.

"Wewe bwana, wakimbizwa na nani?"

Nikainua kichwa. Joho jeusi la wauguzi, kikapu mkononi, anatoka zamu.

"Sikimbizwi," nikasema nilipopata pumzi. "Namkimbiza binti yangu."

Akatazama kule ulikokuwa umekwisha potelea. "Kwani amekuibia nini?"

Akanishika mkono kupima mapigo, akatazama saa yake, akatingisha kichwa. "Wewe ukifa hapa utanitia mie kazini tena, na mie nataka kwenda kulala." Akakaa. Alinimenyea chungwa kutoka kikapuni. Vidole vyake vilikuwa na harufu ya sabuni ya hospitali na ganda la chungwa, na mpaka leo nikimenya chungwa popote pale nakumbuka jua lilivyotoka siku ile, dogo, jeupe, kama limechongwa kwenye barafu. Tulikutazama ukizunguka upande wa pili wa maji. Ukungu ulikuwa umekukata miguu, ulionekana kama unaelea. Zuhura akasema polepole, si kwangu hasa, "Hebu mwone. Yule mtoto hana baridi hata kidogo."

Ndipo nilipokutazama kweli. Na ndipo nilipopenda vitu viwili kwa wakati mmoja, yeye, na kukimbia kwako. Usiniambie kwamba haiwezekani.

Yaliyofuata unayajua. Unajua nilivyonunua raba sokoni, na nilivyokwambia uwongo kwamba daktari wa kazini ameniamuru. Unajua tulivyoanza kukimbia watatu, wewe mbele umepotea, sisi nyuma kama vyombo vya jikoni vilivyofungwa pamoja. Lakini huijui ladha yake kwangu, maana wewe ulizaliwa nayo. Mwanzo baridi ni adui, inakuuma masikio, inakuuma meno. Kisha mahali fulani baada ya lile daraja dogo, kitu kinafunguka. Upepo unaacha kukusukuma, unaanza kukubeba. Miguu inakuwa ya mtu mwingine. Huwa nahisi kama nimelala na naota nakimbia, na katika ndoto hiyo Zuhura ananiita nyuma yangu, "Ngoja basi, mume wangu, ngoja!" na mvuke wa pumzi zetu unachanganyika mbele ya nyuso zetu kabla hatujashikana mikono. Nilimposa tukiwa tunakimbia. Nilidhani akikataa nitasingizia kwamba nilikuwa nahema tu. Akasema, "Sema tena ukiwa umesimama, nisije nikaolewa na mtu asiye na pumzi."

Sasa nimefika pale nilipokuwa naogopa kufika. Nimezunguka sana, kama sisi bwawani.

Jumapili mbili zilizopita, Zuhura alikuwa anakusuka nywele sebuleni. Mimi nilikuwa kazini. Usiku wake aliniambia uliyomwambia. Usimkasirikie, hakufanya umbeya. Ulimwambia kwamba ulianza kukimbia kwa siri kwa sababu ukikimbia kwenye upepo unamsikia mama yako. Na kwamba kila ukirudi nyumbani unaona haya, kwa sababu wewe ndiye uliyemwomba mshuke mkacheze siku ile ya theluji. "Mimi ndiye niliyemwua mama," ulisema hivyo, huku kichwa umekiinamisha achane vizuri.

Zuhura alinikalisha kwenye kiti. Aliniuliza maswali ya muuguzi, mafupi mafupi. Marehemu alianza kukohoa lini? Alikuwa anashika ubavu? Nilipomaliza kujibu, akasema, "Mume wangu, nakupenda mpaka naona haya. Lakini mtoto huyu haondoki nyumba hii na mzigo, hali mwenye mzigo wake yuko hapa anakunywa chai. Mwambie. Ukishindwa kusema, andika, si umesoma mpaka darasa la kumi na mbili wewe?"

Basi sikiliza, mwanangu.

Ilikuwa baridi yetu ya pili hapa. Ulikuwa na miaka tisa. Mama yako alikuwa akikohoa tangu mwezi mmoja kabla ya theluji ile. Lifti ikiharibika alisimama kila ghorofa, mkono ubavuni, akisingizia kwamba anahesabu milango. Yule bibi wa Kiairishi aliona. Siku moja asubuhi alikuja akamvisha mama yako koti, tayari kumpeleka kwa daktari, hata nauli ya basi ameishika. Nami niliwazuia mlangoni. Nikasema, "Atamwelezaje daktari? Kiingereza hajui. Nitampeleka mwenyewe Alhamisi, siku yangu ya mapumziko."

Mama yako akasema, nakumbuka neno kwa neno, "Baba Saumu, daktari ana macho. Ataniona nikikohoa."

Nikasema subiri Alhamisi.

Alhamisi ilipofika, mwenzangu mmoja akaomba nimshikie zamu. Nilikuwa mgeni kazini, nilitaka msimamizi aseme kwamba yule Mwafrika haogopi kazi. Nikamshikia. Nikamwambia mama yako, Alhamisi ijayo. Na Alhamisi ijayo nikafanya vilevile.

Na hili sijamwambia mtu yeyote isipokuwa Zuhura. Nilipenda kuwa ulimi wake. Dukani, posta, shuleni kwako, alinivuta mkono wa koti, akaninong'oneza, nami nikasema kwa sauti. Kwenye basi watu walinipigia kelele kutwa nzima, lakini nyumbani kulikuwa na mtu mmoja ambaye bila mimi hakuwa na neno. Nilipomwona yule bibi amemshika mkono wanataka kwenda wenyewe, wanaelewana kwa vidole na vicheko, sikufurahi, Saumu. Niliona kama nimeibiwa. Ndiyo sababu ya kweli. Kiingereza kilikuwa kisingizio tu.

Jumapili ile ya theluji nilikuwa dirishani hapahapa. Niliwaona. Alikuwa amefunga ile kanga nyekundu juu ya koti, na upepo umeipeperusha, na wewe unapiga kelele, "Mama nikamate! Mama nikamate!" Alikukamata. Mkaanguka wote wawili. Alipopanda juu mashavu yanang'aa, theluji kwenye nyusi, akaketi pale karibu na hita, akaniambia, "Leo nimepumua." Hivyo tu. Leo nimepumua. Katika wiki zile zote hakuwahi kusema neno kama hilo.

Baada ya siku tatu alikuwa hospitalini, na daktari aliniuliza kwa nini tumechelewa kumleta. Hakuuliza habari za theluji wala za upepo. Aliuliza kwa nini tumechelewa. Nami nikajifanya sikuelewa Kiingereza chake. Mimi, ulimi wa nyumba.

Siku aliyofariki, niliporudi peke yangu, ulikuwa umesimama mlangoni na soksi za shule. Watu walikuwepo, wananiuliza imekuwaje. Nikasema, "Ni upepo. Ule upepo wa Jumapili." Nilichagua upepo kwa sababu haujibu. Sikukuona ukinisikia. Hukulia, na watu wakasema mtoto huyu ni jasiri, nami nikakubali.

Miaka tisa nimeusingizia upepo. Kila nilipokufungia dirisha, kila nilipokuvisha sweta mbili, hata nilipoinua ile kamba vilimani, nilikuwa naendelea kushuhudia uwongo, na wewe ulikuwa mshitakiwa bila mimi kujua. Hukumwua mama yako. Mwanangu, nisome tena hapa, soma kwa sauti ukiwa peke yako. Alikuwa mgonjwa, akamngoja mtu aliyempenda, na mtu huyo hakwenda. Wewe ulimpa ile Jumapili. Ulimwita akacheze, akacheza.

Sitakwambia ujifunze nini hapo. Mimi mwenyewe bado najifunza, polepole. Juzi Zuhura alikuwa na barua ya benki asiyoielewa, nikanyoosha mkono niichukue, kisha nikaurudisha. Akaichukua akaenda benki mwenyewe, akarudi ameshinda, ananicheka kwa sababu nilikuwa nimekaa juu ya mikono yangu. Furaha niliyoiona usoni mwake nilikuwa karibu kumnyima, tena kwa mapenzi kabisa. Nikafikiri, kumbe mama yako naye angerudi kutoka kwa daktari siku ile na uso kama huo.

Huko uendako utapenda mtu, au mtu atakupenda wewe. Nakuombea uwe na mtu wa kukusumbua kama ninavyosumbuliwa mimi, wa kukuchekesha ukiwa na pumzi fupi. Akija na koti, likubali kama una baridi. Kama huna baridi, mwambie bado kidogo, na akiwa na akili atarudi nyuma ya kamba. Mimi sikuwa nayo.

Najua barua hii inaweza kubadilisha unavyonitazama. Zuhura alisema huenda ukanyamaza muda mrefu, na kwamba nisije nikaihesabu siku hata moja ya kimya chako kama deni. Nimekubali. Ulisema kwamba wauguzi wa huko hukimbia ufukweni Jumapili, pepo zikiwa kali kabisa, na niliona macho yako uliposema. Nenda kakimbie. Na ukimsikia mama yako msikilize, usione haya, hana la kukulaumu.

Kesho sitakuja stesheni, kama ulivyotaka. Nitaiweka barua hii kwenye mfuko wa nje wa begi lako, na utaisoma treni ikiwa imekwisha kuondoka, ili usilazimike kunitazama mara moja. Leo mchana nilikwenda kwa msimamizi, si yule wa zamani, nikaomba siku nne. Akauliza, "Kuna mgonjwa?" Nikamwambia hapana, nina binti. Akatia saini.

Kwa hiyo nitakuja Aberdeen, mimi peke yangu. Nitapanga chumba cha wageni karibu na stesheni na kukutumia anwani, nami nitakaa hapo. Kuja kuniona ni hiari yako, saa utakayo, hata ukitaka kuja kunifokea tu na kuondoka. Usipokuja sitakuja kukugongea, nitarudi nyumbani na nitakupenda vilevile. Lakini jambo hili nililolisema kwa karatasi nataka uwe na nafasi ya kulisikia kinywani mwangu, nikiwa nimesimama mbele yako. Kabla mwezi huu haujaisha, Saumu, nitakuwa huko.

Baba yako